Visu Vyenye Minyororo

Ijumaa, 1 Machi

Mvua imeanza leo na muswada wa visu umechapishwa leo. Vyote viwili vilitangazwa wiki nzima, na vyote viwili vimetukuta hatuna mwavuli.

Nimeusoma wote nikiwa kwenye foleni ya benki. Kifungu cha tatu: marufuku kumuuzia kisu chenye ncha mtu wa chini ya miaka kumi na minane. Kifungu cha sita: ukikutwa njiani na kisu bila sababu ya kazi, jela mwaka mmoja, uwe mkubwa uwe mtoto, na hakimu hana hiari. Kifungu cha tisa: kila kisu cha mgahawa, bucha au kantini kifungwe kwa mnyororo kwenye meza ya kazi. Mnyororo! Nilicheka kwa sauti mpaka mzee aliyekuwa mbele yangu akageuka akaniuliza kama niko sawa. Nikamwambia niko sawa, nchi ndiyo inaumwa.

Jioni nilikwenda kwa mdogo wangu, kama kila Ijumaa. Huyu ni fundi wa friji, mtu wa maneno machache, na ndiye ndugu pekee niliyebaki naye. Mkewe ana kantini nyuma ya ofisi za ardhi. Binti yao wa pekee nilimbatiza mwenyewe jina la Kibiriti akiwa bado anatambaa, kwa sababu alikuwa mdogo na anawaka haraka. Sasa ana miaka kumi na saba. Tangu Januari vidole vya mkono wake wa kulia havikunjiki. Kibaka alimvamia akitoka masomo ya jioni, akamchoma ubavuni na kumkata kiganja. Ubavu umepona. Anakula kwa kijiko kwa mkono wa kushoto na sisi sote tunajifanya tunaangalia sahani zetu.

Pale mezani nina kiti changu, chenye mto, kwa ajili ya mgongo wangu. Hakuna mtu mwingine anayekikalia.

Niliwasomea rasimu ya makala yangu. Nilipofika kwenye mstari unaosema "tunafunga kisu kama mbuzi huku mwenye nia mbaya akitembea huru," mdogo wangu alitabasamu kidogo. Wifi aliinuka akaanza kukusanya sahani zikiwa bado na chakula. Nikadhani amechoka.

Jumatatu, 4 Machi

Makala imetoka. Mhariri amenipigia: "Umetia petroli." Ndiyo kazi mliyoniajiria, nikamjibu.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Friji langu linanguruma kama lori linalopanda mlima. Linanisumbua, ila bila hilo nyumba isingekuwa na sauti yoyote.

Jumatano, 13 Machi

Mwanafunzi ameuawa kwa kisu kituo cha basi, mchana kweupe, kwa ugomvi wa simu. Leo akina mama wameandamana wakiwa wamevaa nyeusi. Niliwaangalia kutoka dirisha la ofisi ya gazeti, ghorofa ya nne. Mvua ilikuwa inawapiga na hawakufungua miavuli. Mbunge aliyepeleka muswada alikuwa mbele yao, yeye alikuwa na mwavuli, tena ameshikiwa.

Nimeandika kwa hasira. Kwamba msiba wa mama si ngazi ya mwanasiasa. Kwamba taa za barabarani zilizokufa miaka miwili zimeua watoto wengi kuliko visu vyote vya jikoni. Kwamba sheria isiyompa hakimu nafasi ya kufikiri imeandikwa na watu wasiofikiri. Bado naamini kila neno.

Mwuza mboga wa chini ya ghorofa yangu alinisimamisha.

"Eti wewe ndiye unayetetea visu?"

"Sitetei visu. Natetea akili."

"Haya. Basi hiyo akili ikuuzie nyanya."

Nimenunua nyanya dukani kwa bei ya wizi.

Jumamosi, 16 Machi

Mdogo wangu amekuja kutengeneza friji. Alilisogeza, akalala kifudifudi nyuma yake na tochi mdomoni, nikamwandalia chai. Mvua ilikuwa inamwagika hata hatukusikia barabara. Alipomaliza hakuinuka. Alikaa sakafuni, mgongo kwenye friji, bisibisi mkononi.

"Dada. Kile kisu kilikuwa chetu."

Sikuelewa. Akarudia. Kisu kilichomchoma Kibiriti hakikuwa cha kibaka. Kilikuwa kisu cha kantini, cha kumenyea viazi, chenye mpini uliozungushiwa utepe mweusi. Binti alikuwa anakibeba kwenye begi tangu taa za njia ya nyuma zilipokufa. Hakumwambia mtu. Siku ile kijana alipovuta begi, alikitoa. Kisu cha jikoni hakina kitu cha kuzuia mkono, na alipokisukuma mkono wake mwenyewe uliteleza mpaka kwenye makali. Ndivyo vidole vilivyokatika mishipa. Kijana akakinyakua, akamchoma mara moja, akakimbia.

"Na polisi mliwaambia kisu ni cha nani?"

"Cha yule kijana."

"Nani alisema?"

"Mke wangu. Pale hospitali askari aliuliza, mama mtu akajibu kabla mtoto hajafumbua mdomo. Likishaandikwa hivyo, wewe ungelifutaje?"

"Na huyo kijana?"

"Yuko rumande. Shtaka lake ni la kwenda kumvizia mtu akiwa na silaha. Anasema kisu si chake. Nani atamwamini?"

"Na wewe unapata usingizi?"

"Nani kakwambia napata?"

Alikunywa chai yake ikiwa imeshapoa, akafungasha vifaa. Mlangoni akanishika mkono, jambo asilolifanya.

"Dada, hili lisitoke humu ndani."

"Litoke liende wapi?" nikamwambia. "Kwani nina nani wa kumwambia?"

Tulicheka wote wawili.

Jumapili, 17 Machi

Friji liko kimya kabisa. Najikuta naligusa kuona kama linafanya kazi.

Ijumaa, 22 Machi

Chakula kwa mdogo wangu. Sikuweza kumtazama Wifi kama zamani. Miaka yote nimemhesabu kuwa mwanamke mwema asiye na la kusema. Leo nilimwona mwoga. Kijana wa watu anaoza rumande na yeye anauliza nani anataka chumvi.

Kibiriti alinionyesha daftari. Anajifunza kuandika kwa kushoto, herufi zinaanguka kama ulevi umezipiga. "Shangazi, mtihani ni Juni. Nikifika Juni nitakuwa nimepata spidi?" Nikamwambia atakuwa amenizidi mimi. Mimi nilimfundisha kuandika mara ya kwanza, kwenye meza ileile.

Alhamisi, 28 Machi

Mvua. Makala. Chai.

Jumatatu, 1 Aprili

Redio imenialika kwenye mjadala na mbunge mwenye muswada. Jumatano, saa mbili asubuhi, moja kwa moja hewani. Nimepanga hoja zangu kwenye karatasi. Mume wangu wa zamani aliwahi kuniambia ninabishana hata usingizini. Alikosea. Usingizini hakuna anayenijibu.

Jumatano, 3 Aprili

Naandika hili mchana, nikiwa bado na viatu.

Studio ni chumba kidogo chenye mazulia ukutani. Mtangazaji kati, mimi kushoto, Mheshimiwa kulia akinukia manukato. Alinipa mkono akaniita dada yangu. Nusu saa ya kwanza nilimvuruga. Nilimuuliza taa ngapi zimewashwa jimboni kwake tangu achaguliwe. Nilimuuliza kama mnyororo wa kifungu cha tisa utakuwa na mita ngapi, na nani atazunguka na futi kupima. Mtangazaji alicheka mpaka akaziba maikrofoni. Nilikuwa na furaha, niseme ukweli. Hakuna mahali ninapojiona niko na watu kama pale ninapobishana nao.

Kisha Mheshimiwa akashusha sauti.

"Dada yangu anaandika vizuri mno. Tatizo ni moja, anakaa ghorofani. Damu yeye anaisoma. Wenzake wameipiga deki."

"Usinifundishe habari za damu."

"Nakufundisha, maana huijui. Haya, niambie mtoto mmoja ambaye sheria hii itamwonea. Mmoja tu. Wa kweli, siyo wa vitabuni. Unayemjua wewe mwenyewe. Yuko wapi?"

Mtangazaji aliinua mkono, tulikuwa tunakwenda kwenye matangazo. Ningenyamaza dakika mbili, zingepigwa nyimbo za sabuni, na swali lingekufa.

"Ninaye," nikasema. "Ni mpwa wangu."

Na nikaeleza. Nilieleza vizuri, hilo ndilo baya. Njia isiyo na taa. Kisu cha viazi chenye utepe mweusi. Mkono ulioteleza kwenye makali. Nikasema, sheria yako, Mheshimiwa, ingemtoa binti huyu kwenye kitanda cha hospitali na kumpeleka jela mwaka mzima, kwa sababu wewe hukuwasha taa na yeye aliogopa. Nikasema hakimu asiye na hiari angemsomea kifungu cha sita huku bandeji ikivuja.

Mheshimiwa alikunywa maji. Naijua sauti ya mtu aliyeshindwa: ni glasi inayorudishwa mezani polepole.

Mtangazaji alinisindikiza mpaka mlangoni. "Mama, leo umeua." Nilishuka ngazi kwa furaha. Nilikuwa nimefika mtaani, nafungua mwavuli, ndipo nilipoona nilichofanya. Sikutaja jina. Nimejirudia hilo njia nzima. Sikutaja jina.

Nimempigia mdogo wangu. Simu inaita. Naweka, napiga tena.

Ijumaa, 5 Aprili

Nilikwenda kwa saa ileile. Mdogo wangu alikuja mpaka kwenye mlango wa vyuma na hakuufungua.

"Leo hatujapika."

Harufu ya chakula ilikuwa inatoka nyuma yake.

"Niruhusu niseme na mkeo."

"Useme tena?" Alinitazama kama anavyotazama mashine isiyotengenezeka. "Nenda nyumbani, Dada. Mvua inarudi."

Kati ya vyuma niliona meza. Kiti changu kilikuwa kimewekewa kapu la nguo za kupiga pasi.

Jumatatu, 8 Aprili

Mwandishi wetu wa habari za mahakama amekuja mezani kwangu, anatembea kama aliyebeba yai. Wakili wa yule kijana alisikia redio. Ameomba rekodi ya kipindi. Jumamosi polisi walikwenda kantini, saa ya wateja, wakamchukua Wifi kuandika maelezo upya. Kibiriti naye ameitwa. Wanaweza kumshtaki kwa kubeba silaha, sheria ya sasa inaruhusu, na mama yake kwa kudanganya polisi.

"Ni ndugu zako?" akaniuliza.

"Una kazi nyingine ya kufanya?" nikamuuliza mimi.

Jumatano, 10 Aprili

Kibiriti amekuja ofisini akiwa na sare ya shule, ameloa. Mlinzi alimpandisha mwenyewe. Nilitoa kiti, hakukaa.

"Shangazi, ulinitaja."

"Sikutaja jina."

"Una wapwa wangapi?"

Nilianza kumweleza. Nikamwambia nilikuwa namtetea yeye, kwamba kifungu cha sita kingemmaliza, kwamba watu sasa wanaelewa. Niliongea muda. Aliacha niongee, kisha akasema taratibu:

"Nilikuwa najiandaa kusema mwenyewe. Nilitaka kwanza nimwambie Mama, halafu twende wote polisi. Kila nikianza naona anavyonitazama mkono, nashindwa. Nilikuwa nimebakiza kidogo, Shangazi. Umenisemea."

"Bado unaweza…"

"Nini? Sasa mimi ni mtu aliyekamatwa. Siyo mtu aliyesema."

Nimetafuta jibu siku nzima, kwa mazoea tu.

"Mama anasemaje?" nikamuuliza.

"Mama hasemi. Anamenya viazi."

Aliondoka kwa ngazi, hakusubiri lifti. Kiti alichokataa kilikuwa na matone ya maji kwenye mgongo wake, pale alipokishika kwa mkono wa kushoto.

Jumamosi, 13 Aprili

Friji limekufa. Maziwa yameganda.

Jumatatu, 15 Aprili

Jirani ananiambia ana fundi mzuri sana wa friji. Nimemwambia ninaye.

Ijumaa, 19 Aprili

Ijumaa.

Jumanne, 23 Aprili

Muswada umepita. Kifungu cha sita kimebadilishwa: aliye chini ya miaka kumi na minane hafungwi kwa kosa la kwanza, na hakimu amerudishiwa hiari. Aliyesimama kuomba mabadiliko ni Mheshimiwa mwenyewe. Alisema ameguswa na "simulizi ya yule binti." Alilisema huku ameweka mkono kifuani. Kifungu cha tisa kimepita kama kilivyo, hakuna aliyefungua mdomo.

Ofisini wamenunua keki. Mhariri akanigongea glasi. "Maneno elfu moja kwa ajili ya kesho. Kichwa cha habari tayari ninacho: Kalamu Yashinda."

"Tafuta mtu mwingine."

"Wewe? Ukatae kuandika ushindi?"

Keki ilikuwa ya maziwa mengi. Nimeila nyumbani, nikiwa nimesimama, kwa sababu haina pa kuwekwa.

Nataka kuandika hapa jambo ambalo sitaliandika gazetini. Nilikuwa sahihi. Kifungu kile kilikuwa cha kinyama na watoto wengi watanusurika nacho. Kijana aliyekuwa rumande ameondolewa shtaka la kwenda na silaha, limebaki la unyang'anyi na kujeruhi, na hilo nalo ni haki. Kila nikilipima jambo hili linatoka sahihi, na kila likitoka sahihi nazidi kukosa mtu wa kumwonyesha.

Alhamisi, 2 Mei

Nimekwenda mahakamani. Nilikaa nyuma, karibu na mlango, kilemba nimekishusha. Kibiriti alishaonywa na polisi, hatashtakiwa. Wifi naye hatashtakiwa, kwa masharti kwamba asimame hapo aseme ukweli mbele ya kila mtu.

Alisimama. Nilimtazama kama sikuwahi kumwona. Mfupi, mkoba ameubana kwapani, amevaa gauni lile la harusi za watu. Wakili wa kijana hakumwonea huruma.

"Kwa hiyo ulidanganya."

"Nilidanganya."

"Kijana wa watu amekaa rumande miezi mitatu kwa uongo wako."

"Najua. Mama yake amekaa pale. Nimemwomba radhi nje, nitamwomba tena nikitoka."

Hakulia, hakujitetea. Hakusema "lakini" hata mara moja. Mimi siwezi kumaliza salamu bila "lakini."

Kisha hakimu akauliza, nadhani kwa udadisi tu: "Kisu kama hicho kilitokaje kantini bila wewe kujua?"

"Vilikuwa vinakaa wazi kwenye beseni, Mheshimiwa Hakimu. Mtu yeyote angechukua. Sasa nimevifunga kwa minyororo."

"Kwa ajili ya sheria mpya?"

"Hapana. Sheria ilikuwa haijaja. Tangu siku mtoto alipotoka hospitali. Nilinunua minyororo ya baiskeli, mume wangu akaipigia skrubu kwenye meza."

Tangu Januari. Mimi tarehe moja Machi nilikaa kwenye kiti chenye mto nikamsomea, kwa sauti ya kuigiza, mstari wa kisu kilichofungwa kama mbuzi. Nikangoja acheke. Na mdogo wangu, mwenye skrubu zake, akanipa lile tabasamu ili nisione aibu.

Nilitoka kabla hawajatoka.

Jumatano, 8 Mei

Hakuna mvua. Nimejaribu makala mara tatu. Kila sentensi inamtafuta mtu wa kumpiga.

Ijumaa, 10 Mei

Jua tangu asubuhi. Barabara imekauka katikati, pembeni bado matope.

Nimekwenda kantini kabla ya saa ya chakula. Sijawahi kuingia jikoni kwake, miaka yote hiyo. Ni chumba chembamba, jiko la gesi, sufuria kubwa, na meza ya mbao iliyochongwa na visu katikati ikawa kama bonde. Visu vitatu, kila kimoja na mnyororo wake. Wifi alikuwa anamenya viazi. Mnyororo ulikuwa unagonga meza kila alipogeuza mkono, kwa mdundo, na hakuukatisha aliponiona.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na maneno mazuri.

"Wifi…"

"Umeyaandika?"

"Nini?"

"Hayo unayotaka kuniambia. Umeyapeleka gazetini?"

"Hapana."

"Basi usiyaseme na hapa."

Nikasimama. Nje mtu alikuwa anapanga viti. Nikaanza kugeuka niondoke, akaongea bila kuinua macho.

"Msichana wangu wa kazi haji leo. Unajua kumenya viazi?"

"Najua."

"Haya, tuone. Ila usiongee."

Alisukuma beseni kwa kiwiko. Minyororo ni mifupi. Ukishika kisu lazima usimame tumbo likigusa meza, bega kwa bega na aliye kando yako, huwezi kurudi nyuma wala kuonyesha kitu kwa mkono. Nikashika. Mnyororo wangu ulianza kugonga na wake, midundo haikulingana, wa kwake haraka, wangu unakwama.

Sijui ilichukua muda gani. Kibiriti aliingia na begi la shule, akasimama mlangoni. Alinitazama, akamtazama mama yake, kisha akachungulia beseni.

"Shangazi, maganda manene hivyo! Sasa viazi vitabaki?"

Nilikuwa na la kujibu. Nilikuwa nalo kwenye ncha ya ulimi, zuri kabisa. Nikalimeza.

"Mwache," Wifi alisema.

Beseni langu lilipokwisha alilichukua, akavipeleka viazi kwenye sufuria. Nilifuta mikono, nikamngoja aniambie niende. Hakunitazama. Alirudi na beseni la pili, limejaa, akaliweka mbele yangu.